Posa Iliyoishia Hatua ya Saba

Nimeshindwa mambo mengi maishani, na mengi nilistahili kushindwa, lakini sijawahi kushindwa upesi kama nilivyoshindwa Ijumaa ile pale Tingi, mbele ya mjomba wangu, nikiwa nimevaa shati la kuazima. Miaka yote hii imepita na bado nikikumbuka masikio hunishika moto.

Vijiji vya ujamaa vilikuwa bado vipya. Watu walikuwa wametolewa makwao, huko kila mmoja alikokaa katikati ya mikorosho yake, wakapangwa kando ya barabara kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Mtu akikohoa, jirani wa tatu anamwambia pole. Mimi nilikuwa kijana wa Milola, mwalimu wa shule ya msingi, nimetoka chuoni juzi tu, nikapangiwa kufundisha Tingi, kimojawapo cha vijiji hivyo. Sikumjua mtu.

Asubuhi nilifundisha darasa la tatu. Jioni chumba kilekile kilikuwa cha kisomo cha watu wazima, na aliyefundisha kisomo alikuwa binti mmoja wa palepale kijijini. Kila asubuhi nilikuta maandishi yake ubaoni. "Maji ya kunywa yachemshwe." "Mama anapalilia mihogo." Herufi zake zilikuwa za duara, zimesimama wima, hakuna iliyoegemea nyingine. Nikaanza kuchelewa kuyafuta. Ikafika siku nafuta ubao wote nabakiza mstari mmoja wa mwisho, na watoto wa darasa la tatu, ambao hawana siri, wakawa wanatazamana na kucheka. Nilimpenda yule binti kwa mwandiko. Najua ni upuuzi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tukikutana njiani aliniambia, "Habari za kazi, mwalimu," nami nikamjibu, "Nzuri, habari za kisomo." Basi. Nusu mwaka mzima hatukuvuka hapo. Sikuona kama nina haja ya kuvuka. Kwetu mposaji hasemi, husemewa. Kazi ya kusema ni ya mjomba, na mjomba wangu ndugu yake mama alikuwa msemaji hasa, mtu anayeweza kukuomba jembe lako ukampa na mpini wa akiba. Nilimwandikia aje. Akaja kwa lori la korosho, vumbi mpaka kwenye kope.

Barua ya posa niliiandika mwenyewe. Kurasa mbili, kwa wino wa bluu, na nilijivunia kila neno. Nilianza kwa bismillahi, nikaja kwenye heshima ya ukoo wao, nikaja kwenye heshima ya ukoo wetu, nikataja umoja na udugu kama vile nahutubia mkutano wa kijiji, halafu nikamalizia kwamba tunaomba kuunganisha damu kwa kumwoa binti wa mzee. Mjomba alinitaka nimsomee mara mbili. Mara ya pili alifumba macho kwa raha. Akaipeleka mwenyewe kwa baba wa binti, na jibu likaja siku ya tatu kwamba tufike Ijumaa baada ya sala, na mwalimu naye aje, kwa sababu mzee angependa kucheza naye.

Habari za mchezo huo nilikuwa nimezisikia.

Mzee yule alikuwa karani wa mashamba ya mkonge zamani, kabla hayajataifishwa. Meneja wake, Mgiriki mmoja, alikuwa hana mtu wa kucheza naye sataranji wakati wa masika barabara zinapofunga, akamfundisha karani wake. Mgiriki alipofungasha kurudi kwao alimwachia ubao na vipande vyake kwenye kisanduku. Kijijini wote walijua kwamba mzee hamtoi binti mpaka amemkalisha mposaji mbele ya ubao ule. Kabla yangu walikuwa wamekwenda wawili, fundi cherehani mmoja na msaidizi wa bwana shamba. Wote wawili walirudi hawana la kusimulia. Watu wakasema mzee anatafuta mkwe mwenye akili.

Sasa akili ndiyo niliyodhani ninayo. Mimi nilikuwa mfalme wa drafti. Chuoni tulichora miraba kwenye sakafu ya bweni, tukacheza kwa vifuniko vya soda, na hakuna aliyenifunga mwaka mzima. Sataranji niliona ni drafti iliyovalishwa kanzu. Mwalimu mwenzangu pale shuleni alikuwa anajua jinsi kila kipande kinavyotembea, basi tukachonga vipande kwa mihogo, tukacheza jioni mbili tatu. Mbuzi wa jirani akaila ngome yangu moja, na mafunzo yakaishia hapo. Nilijua farasi anaruka, tembo anakwenda mshazari, ngome inakwenda moja kwa moja, waziri anakwenda anakotaka, na mfalme akikosa pa kukimbilia umekwisha. Nikaona yanatosha.

"Wala usimshinde," mjomba aliniambia njiani tukienda. "Baba mkwe hashindwi. Unashindwa wewe, lakini unashindwa taratibu, kwa adabu. Kaa naye walau mpaka kahawa ya pili."

"Nitamchelewesha mpaka alasiri," nikasema. Nilikuwa na uhakika kiasi hicho.

Tulikaribishwa barazani, tukavua viatu, tukaketi mkekani. Shikamoo za mjomba na za mzee zilichukua muda wake, maana kila mmoja alitaka mwenzake awe ndiye mkubwa. Mzee alikuwa mwembamba, msafi, kofia yake imekakamaa kwa wanga. Nilipompa mkono aliutafuta kidogo hewani kabla hajaupata. Sikulitilia maanani. Kahawa ikaletwa, kisanduku kikaletwa, ubao ukafunguliwa katikati yetu. Vipande vilikuwa vya mti mgumu, vyeusi na vyeupe, vinang'aa kwa kushikwashikwa. Nikakunja mikono ya shati.

"Mwalimu," mzee akasema, "unisamehe. Macho yangu yameingiwa na mtoto wa jicho, sasa naona mwanga na vivuli tu. Mimi siwezi tena. Utacheza na niliyemfundisha."

Akaita jina. Pazia la mlango likasogea, akatoka binti mwenyewe.

Nasema kweli, nilidhani nimesikia vibaya na nimeona vibaya. Nilikuwa nimeketi barazani kwa watu siku ya posa, na binti ninayemposa anakuja kuketi mkabala wangu, kanga yake ameishusha kichwani mpaka kwenye nyusi, anampa mjomba wangu shikamoo kwa sauti ileile ya njiani. Mjomba alikuwa amekwisha inua kikombe. Kahawa ilimpalia, akakohoa mpaka machozi.

"Mzee mwenzangu," alisema alipopata pumzi, "kwetu Milola binti hakai na mposaji kabla hayajaisha."

"Hata kwetu," mzee akajibu kwa upole. "Lakini sasa nifanyeje, na mchezo anaoujua ni yeye? Cheza, mama."

Alikuwa na vyeupe. Alimsogeza askari wa mbele ya mfalme wake nyumba mbili, akasema kwa sauti ya chini, akimwambia baba yake, wapi amemweka. Ndipo nikaelewa kwamba atamsimulia mzee kila hatua, na mzee atauona mchezo wote kichwani mwake. Nami nikasogeza askari wangu wa mbele ya mfalme, uso kwa uso na wake. Akatoa farasi. Nikamlinda askari wangu kwa askari mwingine, hatua moja, kama mtu anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akatoa tembo, akamweka mshazari, ananielekea upande wa mfalme. Nami nikatoa tembo wangu, nikampeleka mbali, nikamkazia farasi wake. Nyuma ya farasi yule, kwenye mstari uleule, alikuwa waziri wake. Farasi akiondoka tu, waziri wake ni wangu. Nikamtazama mjomba kwa pembe ya jicho. Mambo yalikuwa yananinyookea.

Akatoa farasi wa pili. Nikafikiri kidogo, nikaona sina haraka, nikasogeza askari wangu wa pembeni kabisa nyumba moja. Mcheza drafti yeyote atanielewa. Pembeni ndiko kwenye usalama, kete iliyoegemea ukingo hailiwi. Nilikuwa nacheza drafti kwenye sataranji wala sijui.

"Amesogeza askari wa pembeni, baba."

"Wa pembeni?" mzee akauliza.

"Wa pembeni kabisa."

Mzee akapapasa kikombe chake. Binti hakusita hata kidogo. Farasi wake, yuleyule niliyemkazia, aliruka akamla askari wangu wa katikati. Waziri wake akabaki wazi, mbele ya tembo wangu, hana mlinzi wa maana, ametulia pale kama embe lililoanguka.

Hapa lazima niseme kitu ambacho asiyekulia kwenye mbao zetu hatakielewa. Kwenye drafti kula ni lazima. Ukiwa na cha kula usipokula, kete yako inaondolewa, na watu wanakuzomea. Kwenye bao la kete nako ni hivyohivyo, ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, unakula, huna hiari. Tangu utotoni mkono wangu ulikuwa haujui kukiona kitu cha kuliwa ukakiacha. Haikupita kichwani mwangu kwamba kuna mchezo duniani ambao mtu anaweza kupewa akasema sitaki. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilimla waziri.

"Amekula waziri, baba."

"Papo hapo?"

"Papo hapo."

"Hakufikiri?"

"Hakufikiri."

Mjomba alitabasamu. Hakujua mchezo, lakini aliona kwamba mpwa wake amechukua kipande kikubwa, na mimi nilianza hata kuona huruma, nikawa nafikiria jinsi ya kumrudishia binti wa watu mchezo ili nishindwe kama tulivyokubaliana. Tembo wake akashuka akamla askari wangu aliye ubavuni pa mfalme, akasema, "Mfalme," kunionya kwamba mfalme wangu yuko hatarini. Nilitaka kumla yule tembo, nikaona farasi analinda. Nikatafuta pa kukimbilia, pakawa mahali pamoja tu, hatua moja mbele. Nikaenda hapo. Halafu farasi wake wa pili akaruka katikati ya ubao, akatua. Kucha za vidole vyake zilikuwa na chaki.

"Mfalme," akasema. "Na amekwisha, baba."

Nilimtazama mfalme wangu. Nikajaribu kushoto, kuna tembo wake. Kulia, farasi. Nyuma, tembo. Mbele, tembo tena. Mshazari, askari wangu mwenyewe huku, farasi wa pili kule. Nikarudia upya kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko uleule mara ya nne. Waziri wake niliyemla alikuwa amelala pembeni kwenye mkeka, mali yangu, haina kazi yoyote. Kahawa yangu ya kwanza ilikuwa bado inatoa mvuke. Hatua saba! Nilikuwa nimeahidi alasiri. Jasho likanitoka chini ya shati la watu.

"Mwalimu," mzee akasema, "kwa nini ulimla waziri?"

"Si alikuwa analiwa, mzee."

"Kila kinacholiwa unakula?"

Nilikuwa bado nahesabu pa kukimbilia.

"Haya," mzee akaendelea, "mchezo ni mchezo, hautii mtu kasoro. Waliotangulia nao walifungwa. Barua yenu ninayo, nimesomewa, ni barua nzuri." Akageuza uso upande wa binti yake. "Aliyenisomea ni huyu, maana mimi sioni. Sema mama uliloniambia."

Nilidhani nimekwisha maliza kushtuka kwa siku ile. Kumbe ilikuwa bado. Kurasa zile mbili, damu na ukoo na umoja wote ule, zilikuwa zimepita mikononi mwake, na amezisoma kwa sauti neno kwa neno, yeye anayeposwa, kwa baba yake.

Akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza ananitazama na mimi namtazama, bila ya kupishana njiani.

"Mwalimu, barua yako nimeisoma mara tatu," akasema. "Mimi simo."

"Umo," nikasema. "Ndiwe."

"Imeandikwa binti wa mzee. Humu ndani tuko watatu. Mdogo wangu yuko jikoni, na dada yetu amerudi kutoka kwa mumewe. Jina hukuandika. Baba aliniuliza, anamtaka nani? Nikamwambia sijui."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akazibwa mdomo. Mjomba alinigeukia taratibu. Yeye mwenyewe alikuwa ameisikia barua ile mara mbili, macho ameyafumba, wala hakuona kilichokosekana. Nami niliyeiandika, niliyemfahamu kwa mwandiko wake mpaka naweza kuutambua gizani, sikuona. Nilishtuka kiasi kwamba nilitaka kuomba nionyeshwe barua, nihakikishe. Nilikuwa nimetaja babu zangu wanne.

"Wale waliokuja mwanzo nao waliandika hivyohivyo," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosahihisha daftari. "Baba amesema mambo haya mwaka huu nijisemee mwenyewe. Nami sijaulizwa na mtu. Sasa uko hapa na mimi niko hapa. Niulize."

Jikoni sufuria iliyokuwa inasuguliwa ikaacha. Nilikuwa na maneno. Mungu ni shahidi yangu, yalikuwepo, na yalikuwa machache tu, hayafiki mstari mmoja wa ubaoni. Lakini nilikuwa mposaji, na mposaji hasemi. Mtu wangu wa kusema alikuwa ameketi kulia kwangu, nimemleta kwa lori kutoka Milola kwa kazi hiyo na si nyingine.

Nikamgeukia mjomba.

Nilimgeukia nikamngoja. Niliona mdomo wake umefunguka kidogo, nikasema moyoni, haya, sasa anaanza. Hakuanza. Alinitazama tu. Nikamkonyeza aseme, nikamkonyeza tena. Akazidi kunitazama. Sijui ilichukua muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko mchezo mzima.

Binti alianza kurudisha vipande kwenye kisanduku, vyeupe kwanza, kimoja kimoja, bila ya haraka. Alipofika kwenye mfalme wangu alimchukua naye akamlaza na wenzake.

"Haniulizi, baba," akasema. "Basi jibu langu ni hapana."

"Mmesikia, jamaa zangu," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya masikitiko ya kweli. "Kunyweni kahawa."

Tulikunywa. Tulikaa kiasi cha adabu, tukaulizana habari za mvua na za shamba la kijiji, tukaaga, tukavaa viatu. Kamba ya kiatu changu ilinishinda kufunga, nikaichomeka hivyohivyo. Tukatoka tukashika barabara katikati ya zile nyumba zinazotazamana, jua la saa tisa linatuchoma utosini, na kila baraza tuliyoipita watu wakatuambia karibuni na wakatusoma nyuso. Tulipofika shuleni mjomba akasimama, akavua kofia, akajifuta.

"Mbona hukumuuliza?" akasema.

"Mimi?" Nilimkaribia, nikamshika mkono, karibu nimpigie kelele na yeye ni mjomba wangu. "Nilikuwa nakusubiri wewe, mjomba! Si ndiyo kazi uliyojia? Nilikukonyeza mara mbili!"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Mimi nilikuwa nakusubiri wewe," akasema. "Kwani hukuona? Mzee alikuwa ametega sikio. Hata yule binti mkono wake ulikuwa juu ya ubao, hagusi kitu. Wote mle ndani tulikuwa tunakusubiri wewe."